Abiria wa Pikipiki Si Gunia

Mtu akisimama mapema asubuhi kando ya Barabara ya Jogoo, karibu na Makadara au Maringo, ataona jambo ambalo wazee waliohamia mitaa hii wakati barabara hiyo ingali ikiitwa Doonholm hawakulijua. Zamani watu wa Kaloleni, Bahati, Makongeni na Shauri Moyo walikwenda kazini kwa miguu, kwa baiskeli au kwa basi. Siku hizi pikipiki hupita mfululizo, na nyingi zina mtu nyuma: karani aliyevaa tai, mama aendaye Gikomba kununua mitumba, mwanafunzi na mkoba wake. Vijana wa Nairobi huziita nduthi, na wengine huziita boda boda. Jina hili la pili lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako katika miaka ya 1960 waendesha baiskeli walikuwa wakiwapakia watu na kuwavusha kutoka upande mmoja wa mpaka hata wa pili. Mwaka wa 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika pikipiki ndogo, na tangu hapo zimeenea mijini na mashambani, hata msomaji wa Bondo au Kitui atayafahamu maneno haya sawasawa na msomaji wa Umoja.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya wajibu wa mwendeshaji. Machache husemwa juu ya yule akaaye nyuma yake. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya abiria ni kulipa nauli na kukaa kimya, kama gunia la mahindi. Hili ni kosa. Gunia likifungwa vizuri halisogei. Lakini mtu hugeuka kumtazama rafiki, hushtuka, huchomoa simu mfukoni. Kila asogeapo, pikipiki huhisi, na mwendeshaji hupaswa kuirudisha katika njia yake. Kwa hiyo abiria naye huendesha, apende asipende.

Tutazame sababu yake. Pikipiki nyingi za kazi zina injini ya cc 100 hata 150, na uzito wake ni kama kilo 110 hata 130. Mtu wa kilo 70 akipanda nyuma huongeza zaidi ya nusu ya uzito wa chombo chenyewe, na uzito huo karibu wote hulemea gurudumu la nyuma. Springi za nyuma hubonyea, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hauitikii kama ulivyozoea kuitikia. Mwendeshaji akiondoka kwa pupa mahali pa kupanda, gurudumu la mbele laweza hata kuinuka. Usiku taa ya mbele huelekea juu, ikamulika macho ya wanaokuja badala ya kumulika shimo lililo mbele. Ndiyo maana kitabu cha pikipiki huonyesha vipimo viwili vya upepo wa gurudumu la nyuma, kimoja cha mtu mmoja na kingine cha watu wawili. Na springi zenyewe huwa na mahali pa kukazwa. Mwenye kupakia abiria kutwa nzima hapana budi atumie kipimo cha pili tangu alfajiri.

Katika kufunga breki shida huwa kubwa zaidi. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu meta 14 katika sekunde moja tu. Mtoto akiruka barabarani, sekunde ile ya kushtuka imekwisha kula meta 14 kabla breki haijaguswa. Tena mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi itakiwayo ili breki zikisimamishe chombo huwa mara nne, si mara mbili. Nazo breki za pikipiki ndogo huchoka upesi zikipewa uzito wa watu wawili. Waendeshaji wengi huogopa breki ya mbele, wakakanyaga ya nyuma peke yake. Hili nalo si jema, kwa kuwa wakati wa kusimama uzito hukimbilia mbele, na ya mbele ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi. Yafaa zifungwe zote mbili pamoja, kwa kukaza taratibu. Abiria asiyeshika kitu hapo huteleza mbele, akamsukuma mwendeshaji mgongoni, na mikono ya mwendeshaji ikasukuma usukani wakati ule ule ambao ungepaswa kutulia.

Basi, abiria na aanze vizuri tangu kupanda. Angoje mwendeshaji aweke miguu yote miwili chini na kushika breki ya mbele, kisha amwambie, "Napanda sasa." Apande kwa upande wa kushoto. Katika pikipiki nyingi za hapa bomba la moshi liko upande wa kulia, nalo huwa moto kama chuma cha kupigia pasi. Wako watu wengi mitaani wenye kovu la duara katika ndama ya mguu kwa sababu ya kupanda upande usiofaa. Vikanyagio vya abiria vifunuliwe kabla hajapanda, na miguu ibaki juu yake mpaka safari iishe, hata pikipiki ikisimama katika msongamano. Abiria ateremshaye mguu ili "kusaidia" huiyumbisha pikipiki, naye aweza kuuvunja mguu wenyewe.

Kukaa upande, miguu yote miwili ikining'inia kushoto, ni desturi ya heshima kwa akina mama wengi wavaao sketi au dera. Twaielewa heshima hiyo, lakini lazima tuseme wazi kwamba ni hatari. Uzito huegemea upande mmoja, na mtu hana pa kubana magoti. Mama ajuaye kwamba atapanda pikipiki afadhali avae suruali ndani ya nguo yake, akae akitazama mbele. Leso, shuka, buibui na kamba za mkoba zikusanywe na kukaliwa, kwa maana nguo ikiingia katika mnyororo au gurudumu humvuta mwenyewe kabla hajapata nafasi ya kupiga kelele.

Akiisha kukaa, ashike kiuno cha mwendeshaji, au mkono mmoja kiunoni na mwingine katika keria ya nyuma. Asishike mabega, wala mikono ya mwendeshaji.

Jambo ambalo abiria wengi hulikosea ni kona. Mtu yeyote aliyepanda baiskeli ajua kwamba chombo cha magurudumu mawili hakipindi kwa kugeuza usukani tu. Hulala kidogo upande wa kona. Abiria mgeni aonapo ardhi inamkaribia huogopa, akajivuta upande wa pili. Kwake yeye ni kujiokoa, lakini kwa mwendeshaji ni kama mtu amenyakua usukani: pikipiki hukataa kupinda, nayo huelekea nje ya kona, kwenye magari yajayo. Dawa yake ni rahisi. Kona ikiwa ya kulia, abiria atazame juu ya bega la kulia la mwendeshaji. Ikiwa ya kushoto, juu ya bega la kushoto. Mwili wake utafuata wenyewe kiasi kinachotakiwa. Asizidishe kwa kujilaza kuliko mwendeshaji, kwani hilo nalo huharibu.

Mitaa ya Eastlands ina mambo yake. Reli ipitayo Mutindwa, kati ya Buruburu na Umoja, yapasa ivukwe kwa kuikata moja kwa moja. Atakayeivuka kwa mshazari, hasa baada ya mvua, gurudumu lake litateleza juu ya chuma. Upande wa Kayole, Njiru na Embakasi kuna udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hugandamana na magurudumu na kuwa kama sabuni. Hapo si aibu abiria kushuka na kutembea hatua hamsini. Mwavuli mkubwa uliofungwa juu ya pikipiki wapendeza wakati wa jua, lakini katika barabara pana kama Outer Ring, lori likipita, mwavuli hushika upepo kama tanga la jahazi.

Sasa kofia. Mwaka wa 1935 askari mashuhuri wa Uingereza, T. E. Lawrence, aliyejulikana kwa vita vya Uarabuni, alikuwa akiendesha pikipiki yake karibu na nyumbani kwake Dorset. Alijitahidi kuwakwepa wavulana wawili waliopanda baiskeli, akaanguka, akafa baada ya siku sita kwa majeraha ya kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Mmoja wa madaktari walioitwa alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa kupasua ubongo. Baadaye daktari huyo alichunguza ajali za askari waliochukua barua kwa pikipiki, na mwaka wa 1941 alitangaza aliyoyaona. Jeshi likawaamuru askari hao wavae kofia. Mwaka wa 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi 61 wa namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 42 katika kila 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa 69 katika kila 100. Kichwa cha abiria si kigumu kuliko cha mwendeshaji. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka wa 2012, yawataka wote wawili wavae kofia na koti la kung'aa, na yakataza kupakia zaidi ya abiria mmoja. Ule mtindo ambao ndugu zetu wa Dar es Salaam huuita mshikaki, watu watatu au wanne juu ya kiti kimoja, ni kosa mbele ya sheria; na mtoto anayekalishwa juu ya tangi la petroli huwa wa kwanza kugonga kilicho mbele.

Wengine hukataa kofia ya abiria kwa sababu inanuka jasho la watu wengine, au kwa kuogopa mapunye. Neno hili si la kuchekwa. Kitambaa safi chaweza kuvaliwa ndani yake, na apandaye kila siku afadhali anunue yake mwenyewe. Kofia ya mjenzi wa nyumba haifai, wala ile isiyofungwa kamba kidevuni, kwani itaruka kabla kichwa hakijafika chini. Tena kofia iliyokwisha kugongwa kwa nguvu mara moja, lile povu gumu la ndani limekwisha kubonyea, hata kama nje yang'aa.

Tumekuwa wepesi wa kuwalaumu vijana wa pikipiki, na mara nyingi wanastahili. Lakini ni nani amwambiaye kijana, "Kaza mwendo, nimechelewa"? Ni nani amwonyeshaye njia ya mkato upande usio wake wa barabara? Kijana huyo anatafuta abiria wa pili kabla wa kwanza hajashuka, na nauli ndiyo chakula cha watoto wake. Akisikia haraka hutii. Kwa njia iyo hiyo atatii akisikia kinyume chake. Mama akisema kwa upole, "Kijana wangu, mwendo huu siuwezi, punguza," atajibiwa, "Sawa, mama," mara nyingi kuliko tunavyodhani. Akikataa, na asimamishe palipo salama, mama alipe sehemu aliyofika na kushuka. Shilingi 50 zilizopotea hivyo hazikupotea. Afadhali zaidi achague kabla ya kupanda: mwenye kofia mbili, asiyenuka pombe, na mwenye bima ya kuchukua abiria, kwani bima ya pikipiki ya matumizi ya nyumbani haikuwekwa kwa ajili ya mtu alipaye nauli. Steji nyingi zina mwenyekiti wake, naye huwajua watu wake vizuri. Kumwuliza hakugharimu kitu.

Mwisho wa safari abiria asiruke. Angoje pikipiki isimame kabisa, miguu ya mwendeshaji iwe chini, atazame nyuma kama hakuna pikipiki nyingine ipenyayo kati yao na ukingo wa barabara, kisha ashuke kwa upande wa kushoto kama alivyopanda. Kofia irudishwe mkononi mwa mwenyewe, ndipo mkoba ufunguliwe kutafuta nauli.