Taa Nyekundu Haingoji Amri

Usiku ule tulikuwa katika barabara ya murramu itokayo Petta kuelekea Tororo mjini, watu sita ndani ya pikapu moja la dizeli. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na udongo mweusi wa mabondeni ulikwisha kugeuka uji. Nyuma, juu ya godoro, alilazwa konstebo mmoja wa polisi aliyeshikwa na malaria kali hata akawa hajitambui. Wenzake walimshikilia asirushwerushwe. Mimi nilikuwa luteni mpya, miezi michache tu tangu nitoke chuo cha makadeti, nimeketi mbele kama kamanda wa gari. Usukani ulikuwa mikononi mwa koplo mmoja, dereva aliyekwisha kuendesha magari ya jeshi tangu mimi ningali mtoto wa shule.

Tulipovuka daraja dogo gari lilijipiga chini kwenye jiwe. Tulisikia kishindo, tukaendelea. Baada ya mwendo mfupi koplo akasema, "Afande, taa ya mafuta imewaka."

Nikakumbuka kwamba nyuma kulikuwa na jerikeni mbili za dizeli. Nikajibu kwa sauti ya mtu aijuaye kazi yake: "Akiba tunayo. Endesha."

Naye, kwa kuwa ni askari mtiifu, akaendesha. Hazikupita dakika tano, injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya bati, kisha ikakaza, na gari likasimama pale pale katikati ya giza. Koplo alimaanisha oili. Mimi nilisikia dizeli.

Ndugu msomaji, lugha yetu ya Kiswahili, ambayo ndiyo lugha ya majeshi katika nchi hizi tangu enzi za King's African Rifles, ni tajiri wa maneno mengi, ila katika jambo hili imetufanyia ubahili. Tunayopikia ni mafuta. Tunayojipaka ni mafuta. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, oili ya injini ni mafuta, na hata ile ya breki wako wanaoiita mafuta. Mtu akiwa sokoni, mwenye duka atamwonyesha chupa na mambo yatakwisha. Akiwa garini usiku, neno hilo moja laweza kuua injini, na laweza kuua mtu.

Basi na tuitazame taa yenyewe. Picha yake ni kibuyu kidogo chenye mdomo mrefu, tone likining'inia mwishoni, mfano wa kile kikopo cha kutilia oili cherehani. Taa ya dizeli kupungua ina picha ya pampu ya kituo cha mafuta. Picha hizi hazikubuniwa na kiwanda kimoja. Ziko katika kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 2575, na kwa hiyo askari aliyejifunza katika gari la Kijapani hatapotea aingiapo katika gari la Kijerumani. Rangi nazo zina maana yake. Nyekundu ni hatari: simama mahali salama upesi iwezekanavyo. Manjano ni tahadhari: gari laweza kwenda, lakini jambo hilo lishughulikiwe mapema. Kijani na buluu hutoa habari tu, kwa mfano kwamba taa kubwa za mbele zinawaka.

Jambo ambalo madereva wengi hawalifahamu ni kwamba taa ya oili haipimi wingi wa oili. Hupima presha. Ndani ya injini, mhimili mkuu uitwao kranki huzunguka mara elfu kadhaa kwa dakika ndani ya beringi zake, na kati ya chuma na chuma hakuna kitu ila utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Katika ubavu wa injini kumefungwa swichi ndogo. Presha ikianguka karibu na sifuri, swichi hiyo huunganisha umeme na taa huwaka. Kwa hiyo taa ile haisemi, "oili inakaribia kupungua." Inasema kwamba utando umekwisha kutoweka na chuma kinakula chuma sasa hivi. Hakuna kuuliza, hakuna kungoja amri ya afande. Dereva azime injini, gari lijikokote kwa kasi yake kando ya barabara, kisha ndipo atoe ripoti. Baada ya hapo atazame kijiti cha oili na chini ya gari. Sisi tungalitazama, tungaliona kwamba lile jiwe lilipasua bakuli la oili.

Hayo yote hayana faida iwapo taa yenyewe imekufa. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, zungusha ufunguo hadi hatua ya umeme na uusimamishe hapo. Taa za hatari zapaswa kuwaka, kisha zizimike injini ikishika. Taa ya oili isiyowaka wakati huo ni mlinzi aliyelala zamu: ama globu imeungua, ama waya umekatika, ama (nimekwisha kuliona hili kwa macho yangu) dereva aliyetangulia amebandika utepe mweusi kwa sababu taa "ilikuwa ikimsumbua macho." Katika hatua hiyo ya ufunguo mtaona pia taa ya manjano yenye picha ya waya uliojisokota. Hiyo ni ya plagi za kupasha joto. Ngojeni izimike ndipo muwashe. Katika joto la Tororo haikawii, lakini alfajiri katika miinuko ya Mlima Elgon yahitaji subira.

Taa ya betri hudharauliwa kuliko zote. Injini za dizeli za zamani, ambazo pampu yake ya sindano haitawaliwi na kompyuta, huendelea kunguruma hata alternata ikifa, na kwa hiyo dereva husema, "Betri itachajiwa kambini." Lakini taa hiyo aghalabu huwaka kwa sababu mkanda wa mbele umekatika, na katika magari mengi mkanda huo ndio uzungushao pampu ya maji. Tena katika baadhi ya injini, kama zile za Toyota Hilux za 2L na 3L, pampu ya ombwe inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alternata. Mkanda ukienda, maji ya kupoza hayazunguki na breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Ukiona betri na joto kwa pamoja, usibahatishe. Na usiifungue rejeta ingali moto. Tahadhari nyingine ni hii: maji yakiisha kabisa, kipima joto huenda kikabaki hewani na kuonyesha ubaridi ilhali injini inaungua.

Sasa nije kwenye jambo letu la mpakani. Sisi tulio kati ya Malaba na Busia twajua kwamba dizeli haiji kila mara kutoka kituo chenye pampu. Yako mambo ya jerikeni, usiku, kwa bei ya chini, na maji hayakosi kuingia humo, ama kwa mvua ama kwa hila. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo huzama chini. Pikapu nyingi zina chujio lenye kikombe cha kuyanasa, na ndani yake kiboya kidogo. Maji yakifika kimo fulani, kiboya huwasha taa. Simama, legeza kizibo cha chini ya kikombe, sukuma pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, kisha kaza. Ni kazi ya dakika chache ambayo huokoa pampu ya sindano, kwa maana pampu hiyo hulainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma, na maji huitia kutu. Katika injini mpya ambazo presha ya dizeli hupita bar 1,000 na matundu ya sindano ni membamba mno, maji hayasameheki kamwe.

Lakini hakuna taa ya parafini. Nchini Kenya uchanganyaji wa parafini na dizeli ulifika mahali ambapo serikali, mwezi Septemba 2018, iliiwekea parafini tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kuondoa faida ya mchezo huo. Parafini hupita ndani ya chujio kwa amani, haina ulainishaji wa kutosha, na hula pampu kimyakimya. Dashibodi haitakwambia neno. Hapo mlinzi ni wewe unayenunua.

Wenye Land Cruiser za injini ya 1HZ, ile ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2, wana taa moja zaidi, ya mkanda wa taimingi, ambayo huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Wako mafundi wanaoizima bila kuubadilisha mkanda. Mkanda huo ukikatika, pistoni na vali hukutana, na hadithi ya injini hiyo imekwisha.

Msidhani haya ni mambo ya mafundi peke yao. Mwaka 1987 majeshi ya Chad, yakiwa juu ya pikapu za Toyota zilizofungwa makombora ya MILAN, yaliyashinda majeshi ya Libya yenye vifaru, huko Fada mwezi Januari na Wadi Doum mwezi Machi. Nguvu yao ilikuwa mwendo. Pikapu iliyokufa injini haina mwendo, ni shabaha tu. Kwa sababu hiyo sikubaliani na desturi ya kufunika dashibodi nzima kwa kitambaa wakati wa doria ya giza. Funikeni kwa kipande kinachofunuka, na aliyeketi kando ya dereva akifunue kila baada ya dakika chache.

Konstebo wetu alifikishwa hospitali kwa pikipiki ya boda boda, katikati ya mwendeshaji na askari aliyemkumbatia asidondoke. Boda boda zenyewe zilianza hapa hapa mpakani, kwa baiskeli, miaka ya 1960 na 1970. Alipona, ingawa kwa siku tatu hakulijua jina lake. Injini haikupona. Uchunguzi ulipofanyika niliulizwa dereva alisema nini na mimi nilijibu nini, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Ripoti iliandika "uzembe," na jina lililofuata lilikuwa langu, si la koplo.

Alipokabidhiwa gari jingine, koplo alichukua brashi na rangi nyeupe, akaandika juu ya dashibodi, upande wa abiria, mahali ambapo kamanda hawezi kukosa kupaona: "AFANDE, ULIZA MAFUTA GANI."