Waliozaliwa Tarehe 29 Februari, Poleni Sana!

Wiki hii sina stori ya nani kamfumania nani. Nimewaletea tarehe. Ni 29 Februari, ile inayokuja kila baada ya miaka minne kama Kombe la Dunia, inakaa siku moja, inatokomea.

Ya mwisho ilikuwa Alhamisi, mwaka 2024. Ijayo ni Jumanne, mwaka 2028. Utaniuliza, sasa mbona unatuandikia leo? Kwa sababu mwenye tarehe hii hasumbuliwi mwaka inapokuwepo. Anasumbuliwa mwaka isipokuwepo, na mimi mwenye tarehe hii ninaye nyumbani.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa Jumapili, 29 Februari 2004, saa tano usiku, hapa hapa Kihesa, mvua ikimwagika tangu mchana na teksi zote zimejificha. "Angevumilia saa moja tu," mama husema mpaka leo, "angekuwa mtoto wa Machi, tusingesumbuana."

Na kusumbuana kulikuwepo. Kadi ya kliniki ilisema 29, cheti cha ubatizo 29. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu akatazama kalenda ya ukutani, akaona Februari imeishia 28, akaandika 28. Alidhani anatusaidia. Hiyo 28 ikapanda naye darasa hadi darasa mpaka ikakaa kwenye vyeti vya sekondari. Kasheshe likaja alipotaka kuomba mkopo wa chuo. Ofisi moja (jina naliweka kapuni) wakaweka makaratasi yake mawili pamoja, wakamuuliza: "Binti, wewe ni watu wawili?" Hakuna aliyecheka. Ikabidi kwenda kwa wakili, hati ya kiapo, mihuri, na hela iliyokuwa imetengwa kununulia mbolea ikaishia huko. Fomu zilipokelewa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Mama wiki ile hakulala.

Sasa wa kulaumiwa ni nani? Ni dunia yenyewe. Haimalizi kulizunguka jua kwa siku 365 kamili, huongeza saa 5, dakika 48 na sekunde 46. Julius Caesar, mwaka 46 kabla ya Kristo, akaamua viporo hivyo vikusanywe, kila mwaka wa nne viwe siku nzima. Ndiyo mwaka mrefu tuliofundishwa shuleni. Lakini alizidisha dakika kama kumi na moja kila mwaka, na kufikia 1582 kalenda ilikuwa imepotea siku 10. Papa Gregory XIII akazifuta. Watu wa Italia, Hispania na Ureno walilala Alhamisi tarehe 4 Oktoba wakaamka Ijumaa tarehe 15. Hebu fikiria kama ni kodi ya nyumba!

Ndipo ikaja sheria kwamba mwaka wa karne usiogawanyika kwa 400 haupati 29. Mwaka 2000 ilikuwepo, 1900 haikuwepo, na 2100 haitakuwepo. Atakayezaliwa 29 Februari 2096 atasubiri mpaka 2104. Mdogo wangu alipolisikia hilo alifurahi kidogo, kwamba kuna wenye hali mbaya kuliko yake.

Na si yuko peke yake. Ja Rule, yule mkali wa hip hop wa Marekani, kazaliwa 29 Februari 1976. Benedikt Höwedes, aliyekuwemo kwenye kikosi cha Ujerumani kilichobeba Kombe la Dunia 2014, wa 1988. Morarji Desai aliyekuwa Waziri Mkuu wa India, wa 1896. Ufaransa lipo gazeti, La Bougie du Sapeur, linatoka tarehe hiyo tu tangu 1980. Mhariri wake ana raha, mimi huku nadaiwa makala kila wiki! Na huko Ireland na Uingereza kuna mila ya zamani kwamba siku hiyo mwanamke ndiye anaruhusiwa kumposa mwanaume. Nimewauliza mabinti wa hapa sokoni. Wamenicheka tu, mmoja akasema mahari nani atamlipa nani.

Tapeli wa tarehe hii ni Columbus. Mwaka 1504 alikuwa amekwama Jamaica, wenyeji wamechoka kumlisha. Kitabuni mwake aliona kuwa usiku wa 29 Februari mwezi utapatwa, akawaambia Mungu wake amekasirika, tazameni mwezi. Mwezi ukawa mwekundu, chakula kikarudi.

Upande wetu wa Afrika Mashariki, Kenya waliwafunga West Indies kriketi mjini Pune, India, 29 Februari 1996, kwenye Kombe la Dunia. Kenya 166, West Indies 93, tena Brian Lara akiwemo! Kriketi Iringa si mchezo wetu, lakini hao walikuwa mabingwa wa 1975 na 1979. Ni kama timu ya mtaani kuifunga Brazil.

Halafu ikaja ile ya 2024. Mdogo wangu anatimiza miaka 20, tumemwekea keki ina mishumaa mitano, muziki unalia. Mjomba akabadilisha stesheni atafute taarifa ya habari, tukamkuta Rais Samia anatangaza: Mzee Ali Hassan Mwinyi amefariki dunia jioni ile, Dar es Salaam, akiwa na miaka 98. Muziki haukuwashwa tena. Nchi ikaingia maombolezo ya siku saba, na Jumamosi, 2 Machi, akazikwa Mangapwani, Unguja.

Mama alimwangalia binti yake, akasema, "Hilo gauni ulilovaa ni la ruksa yake." Gauni lilikuwa la mtumba. Mama utotoni alipanga foleni ya sabuni, anajua anachosema. Milango ilianza kulegezwa 1984, Mzee Ruksa alipoingia Ikulu 1985 akaifungua wazi mpaka anatoka 1995: mitumba, biashara, vyama vingi, na magazeti ya watu binafsi kumwagika mitaani. Mjomba hakukubali yote, akakumbusha Azimio la Zanzibar la 1991 na wakubwa waliotajirika. Lakini hata yeye alisema huyu ndiye aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa makosa ya askari wa Shinyanga na Mwanza, makosa ambayo hakuyafanya yeye. Waziri wa hivyo, akasema, nitajie mwingine.

Sasa tatizo likawa letu na lake pia: mwaka usio na 29, marehemu akumbukwe lini? Wanaohesabu kwa kalenda ya Kiislamu hawana shida, mwezi wao hauijui Februari. Sisi wengine tunabishana. Uingereza, mtu wa 29 anahesabiwa ametimiza mwaka tarehe 1 Machi. New Zealand ni 28 Februari. Mjomba yuko na Uingereza. Mama yuko na New Zealand, ingawa hajui iko wapi: "Nimezaa Februari, sikuzaa Machi." Mimi niko na mama, maana ndiye anayepika.

Mwenye siku yake anataka zote mbili. Kile kiapo anacho kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na kwa 2028 ameshaahidiwa jogoo, ambaye hata hajaanguliwa.