Gharama Zinazomngoja Mnunuzi wa Nyumba Mlangoni

Kamati yetu ya msikiti ilipokea barua kutoka kwa kijana mmoja na mkewe. Hawakuomba sadaka, waliomba wakopeshwe fedha za ushuru wa stempu. Walikuwa wamepatana bei ya nyumba hapa Mombasa kwa shilingi milioni 4, wamelipa asilimia 10 ya mwanzo, na salio walikuwa nalo. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya majina yao kuandikwa katika hati, serikali ingetaka 160,000 zaidi. Muuzaji alikwisha kuwapa notisi ya siku 21, na amana yao ilikuwa hatarini.

Nchini Kenya ushuru huu ni asilimia 4 ya thamani ya mali iliyoko mjini, na asilimia 2 mashambani. Wala thamani hiyo haifuati bei mliyopatana pekee. Mthamini wa serikali huikagua nyumba, na akiikadiria kuwa ya milioni 4 na nusu, mnunuzi atalipa 180,000. Kisha kuna ada ya wakili, nayo hutozwa VAT ya asilimia 16: wakili akidai 80,000, utamlipa 92,800.

Je, zipi zinaweza kupunguzwa? Sheria humsamehe ushuru wa stempu anayenunua nyumba ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Wengi hudhani kila nyumba ya kwanza imesamehewa, sivyo. Anayenunua kwa mtu binafsi hulipa kama kawaida.

Nafuu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika mkataba wenyewe. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji. Malimbikizo ya reti za kaunti na vyeti vya kutodaiwa navyo, kwa desturi, ni vyake. Lakini mkataba huandaliwa na wakili wa muuzaji, na kifungu kimoja kilichopenyezwa humo chaweza kukutwika mzigo usio wako. Msome mkataba pamoja na wakili wenu wenyewe kabla ya kutia saini. Kushirikiana wakili mmoja na muuzaji ili kubana ada ni akiba ya kutilia shaka.

Ipo hila nyingine isemwayo kwa sauti ya chini: kuandika bei ndogo. Tuache kwanza kwamba huo ni uongo ulioshuhudiwa kwa saini. Anayeficha milioni 1 huokoa ushuru wa 40,000, iwapo mthamini hataligundua. Akiipangisha nyumba hiyo na siku moja kuiuza, milioni ile itahesabiwa kuwa faida, na kodi yake ni 150,000. Na mauzo yakivunjika, atadai vipi fedha ambazo mkataba hauzitaji?

Wanaoepuka riba wana swali lao pia. Katika murabaha, benki huinunua nyumba kisha ikamuuzia mteja. Hati ikihamishwa mara mbili, ushuru nao waweza kudaiwa mara mbili. Uingereza iliuondoa ushuru huo wa pili kwa sheria yake ya fedha ya mwaka 2003. Kabla ya kulipa ada ya maombi, iulizeni benki kwa maandishi: hati itasajiliwa mara ngapi, na kwa gharama ya nani?

Tuliketi na kijana yule tukazipitia karatasi zake. Katika orodha ya malipo mlikuwa na 38,000 za reti ambazo muuzaji hakulipa kwa miaka kadhaa, na mkataba haukumtaka mnunuzi azilipe. Zikaondolewa. Muuzaji, baada ya kuzungumzwa na wazee, akaongeza wiki mbili. Kamati ikatoa qardh hasan ya 90,000, nao wakakamilisha kwa kuuza pikipiki. Tuliwashauri waandikishe majina yote mawili tangu mwanzo, kwani kuongeza jina baadaye ni hati nyingine na wakili mwingine wa kulipwa. Wanarejesha deni kwa 5,000 kila mwezi.