Wavulana na Wasichana Darasa Moja: Mzazi Ahofu Nini?

Kila alasiri katika mitaa ya Kinondoni, watoto huonekana wakielekea madrasa, juzuu wamezikumbatia vifuani. Hukaa chumba kimoja, wavulana upande huu na wasichana upande ule, mbele ya ustadhi mmoja. Hakuna mzazi anayelalamika.

Lakini mtoto huyo huyo wa kike anapofaulu darasa la saba na kupangiwa sekondari ya mchanganyiko, baadhi ya wazazi huanza kusita. Binti amekwisha kuvunja ungo, husema. Si vyema akachanganyika na vijana wa kiume.

Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Binti wa shule ya kutwa hugombea daladala alfajiri, na pengine hurejea nyumbani magharibi. Walaghai humvizia njiani. Hata hivyo, hatari ya njiani haiondoki kwa kuwatenga wanafunzi darasani.

Visiwani Zanzibar, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya wasichana peke yao mwaka 1927, ili wazazi Waislamu wapate imani. Baadhi ya wanafunzi wake baadaye wakawa walimu. Hapa Dar es Salaam nasi tunazo Jangwani na Zanaki, shule za wasichana, lakini nafasi zake haziwezi kumtosha kila binti. Shule nyingi za kata ni za mchanganyiko. Kwa familia ya mfanyakazi, basi, mara nyingi hakuna kuchagua kati ya shule ya wasichana na ya mchanganyiko; kuna kuchagua kati ya shule na jiko.

Uislamu haukumbagua mwanamke katika wajibu wa kutafuta elimu. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005, hupokea wanafunzi wa jinsia zote mbili.

Lililo jukumu letu, ndugu wazazi, ni kuipeleka adabu ya madrasa hadi sekondari. Tuhudhurie vikao vya shule. Tuulize: je, vyoo vya wasichana viko mbali na vya wavulana? Yupo mwalimu wa kike wa malezi? Nani huwaangalia watoto baada ya kengele ya mwisho? Tena tuwafunze wavulana wetu heshima, kwani malezi si ya binti peke yake.

Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada katika shule za serikali. Mlango u wazi. Binti anayezuiwa leo, nani atamrudishia miaka hiyo kesho?