Mtoto mwenye homa asilale na njaa



Nataka kuzungumzia jambo linalowahusu wazazi wengi bila wao kujua.

Hapa Mpanda ipo familia iliyozika watoto wawili, miaka tofauti lakini kwa namna ile ile. Homa kidogo, mtoto anakataa uji, analala, asubuhi haamki. Maneno yakaanza mtaani, na aliyenyoshewa kidole ni bibi yao. Sidai kujua kilichowaua. Malaria nayo kwetu ipo tele. Lakini upo ugonjwa wa kurithi unaoua namna hiyo.

Mtu akikaa na njaa mwili huchoma mafuta yake, na ini hutengeneza humo kitu kiitwacho ketoni, ambacho ubongo na moyo hukitumia sukari inapopungua. Mtoto mwenye ugonjwa huu hawezi kuyavunja mafuta hayo. Sukari ikiisha hana akiba. Baba na mama huwa wazima, ila kila mmoja amebeba kasoro, na katika kila mimba nafasi ya kupata mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne. Uchawi haumo.

Wataalamu wa nchi za nje wamejaribu kuwanywesha wagonjwa ketoni iliyokwisha kutengenezwa. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilieleza habari za mtoto mdogo aliyepooza, akatibiwa hivyo, akatembea tena. Mwaka 2020 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa watano kinywaji cha ketoni wakaendesha baiskeli, na misuli yao ikaonekana kutumia nguvu vizuri zaidi. Ni matumaini, ila waliojaribiwa ni wachache mno. Na vile vinywaji vya ketoni wanavyouziwa wanamichezo si dawa ya mtoto. Asije mtu akaagiza.

Kinga iliyopo ni chakula. Mtoto mwenye homa apewe uji wenye sukari kidogo kidogo, hata usiku aamshwe. Akishindwa kula, au akitapika kila kitu, apelekwe zahanati usiku ule ule. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Nawaomba waganga wetu wampime mtoto wa namna hiyo sukari ya damu mara anapofika, na ikiwa chini apewe glukosi. Kipimo hicho kinamfaa hata mwenye malaria kali, kwani nayo hushusha sukari. Tena wamwulize mama, bila kumkaripia, kama amewahi kufiwa na mwingine hivyo.

Nchi nyingi hupima tone la damu ya kisigino cha kila mtoto anayezaliwa, ugonjwa ukajulikana mapema. Kwetu si kawaida. Je, Wizara ya Afya ina mpango gani?

Mkazi wa Mpanda