Ukikata vichezeo vya mbao nyumbani, ogopa vumbi kuliko msumeno

Juni ikiingia Lushoto, milango hufungwa mapema. Ukungu hushuka kutoka Magamba, masweta hutoka masandukuni, na watoto walio likizo hujibanza sebuleni. Wakishachoka kucheza na kugombana, hugeukia simu ya mama au ya baba.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Ushauri huo ni rahisi kuusoma, lakini ni mgumu kuutekeleza jioni ya baridi kama mtoto hana kitu kingine cha kushika.

Kitu hicho kinaweza kutengenezwa nyumbani. Kwa msumeno mwembamba na kipande cha mbao, mzazi anaweza kukata wanyama, herufi, au ramani ya kuunganisha vipande. Ni burudani inayotuliza akili ya mkubwa na kumpa mtoto kichezeo kitakachodumu miaka.

Ila ina hatari ambayo wengi hawaioni. Mzazi huyakazia macho meno ya msumeno asije akakatwa kidole, huku kinachoweza kumdhuru mwanawe kikielea hewani katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi.

Msumeno wenyewe ukoje

Kifaa kinachotumika zaidi ni msumeno wa skroli. Ni mashine ndogo ya umeme inayokaa juu ya meza, yenye bledi nyembamba sana iliyosimama wima ikipanda na kushuka. Mashine nyingi za nyumbani huenda kati ya mara 400 na 1,600 kwa dakika, na mwendo hurekebishwa kulingana na ugumu wa mbao.

Bledi haizunguki. Fundi ndiye anayeizungusha mbao taratibu akifuata mstari aliouchora. Kwa kuwa bledi ni nyembamba, inapinda kona ambazo msumeno wa kawaida hauwezi.

Kama michoro ina uwazi wa ndani, mfano jicho la samaki, hutobolewa tundu dogo kwanza kwa drili. Bledi hufunguliwa upande mmoja, hupitishwa kwenye tundu, hufungwa tena, kisha kukata huendelea.

Asiye na mashine anaweza kuanza na msumeno wa mkono wenye fremu ya umbo la U. Huhitaji umeme. Unachohitaji ni ubao uliokatwa nafasi ya V mbele, uliobanwa vizuri ukingoni mwa meza, ili mbao ilale juu yake na msumeno upite katikati. Meno ya bledi yaelekee chini ili ikate unapovuta.

Ukataji wa namna hii si mgeni nchini. Anayepita barabara ya Mizingani, Zanzibar, huliona jengo la Old Dispensary ambalo mfanyabiashara Tharia Topan alianza kulijenga mwaka 1887. Baraza zake za ghorofani zimepambwa kwa mbao zilizotobolewa kama lesi. Kanuni yake ni hiyohiyo ya jicho la samaki, yaani kuondoa mbao pale panapotakiwa uwazi.

Mbao ipi ichukuliwe, ipi iachwe

Kwa mbao, mkazi wa Lushoto hana haja ya kwenda mbali. Shamba la miti la Shume, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), lina paini na saipresi. Mgrivelea umepandwa mashambani. Karakana za useremala za mjini zina vipande vilivyobaki ambavyo mara nyingi huishia jikoni kama kuni.

Paini ni laini na humfaa anayeanza, ila chagua kipande kisicho na vifundo. Utomvu wake huganda kwenye bledi, hivyo bandika gundi ya karatasi, yaani selotepu pana, juu ya mchoro. Bledi hupita kwa wepesi na mbao haiungui. Unene wa sentimita moja hadi mbili unatosha kwa kichezeo cha mtoto mdogo.

Mkulo, ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hii, uachwe msituni. Vichezeo havihitaji mti wa msitu wa asili.

Mbao ya kukwepwa kabisa ni ile ya kenchi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki, na mbao zake mara nyingi huwa na rangi ya kijani. Aseniki ni sumu. Usiikate kwa ajili ya mtoto, usiipige msasa, na vipande vyake usivitie jikoni kama kuni. Kama hujui mbao imetoka wapi, muulize fundi. Naye akisita, chukua nyingine.

Tahadhari nyingine ni kwa mbao za kushindiliwa, maarufu kama MDF. Hukatika vizuri, lakini nyingi huunganishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, kemikali inayowasha macho na koo na ambayo imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Anayeanza ni afadhali abaki na mbao halisi.

Vumbi lisiloonekana

Unga wa mbao unaoanguka mezani si tatizo kubwa. Huonekana na hufagiliwa. Tatizo ni vumbi laini, hasa la msasa, ambalo hubaki hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa na huingia ndani ya mapafu.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Saratani (IARC), iliyo chini ya WHO, imeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, ikihusishwa zaidi na saratani ya ndani ya pua. Ushahidi huo umetokana zaidi na wafanyakazi waliolivuta kwa miaka mingi viwandani na karakanani. Mzazi anayekata mbao saa mbili kwa wiki hayuko kwenye hali hiyo, na hana sababu ya kuingiwa na hofu kubwa.

Madhara ya karibu ndiyo yanayomhusu zaidi. Vumbi huwasha macho, pua na koo, na linaweza kuamsha shambulio la pumu. Mtoto huvuta hewa kwa kasi kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kama nyumbani kuna mwenye pumu, kazi ya kukata isifanyike ndani hata siku moja.

Hapo ndipo baridi ya Lushoto inapoleta mtego. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na jioni ya Julai hakuna anayetaka kufungua dirisha. Sebule hugeuka karakana, na usiku baadhi ya watoto hulala humohumo.

Yapo mambo ya kufanya ambayo hayahitaji fedha nyingi:

Kata nje, barazani au chini ya paa, mchana jua likiwapo. Siku ya mvua, ahirisha kukata na ufanye kazi ya kuchora au kupaka nta.

Vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana vizuri usoni. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi laini. Vaa na miwani ya kinga, kwa sababu bledi hukatika na kuruka.

Usifagie pakavu. Futa kwa kitambaa kilicholoweshwa, kisha kifue peke yake.

Vua sweta la kazi na unawe kabla ya kumpakata mtoto. Vumbi lililo kwenye nguo zako litaishia puani mwake.

Usikate karibu na jiko la mkaa au kuni. Vumbi la mbao hushika moto upesi.

Khanga, mtandio na shuka vilivyoning'inia viwekwe kando kabla ya kuwasha mashine. Na chomoa waya ukutani kila unapobadilisha bledi.

Mradi wa kuanzia: ramani ya mkoa wa Tanga

Miaka ya 1760, mchora ramani wa London, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye mbao na kuikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kuunganisha vipande. Mzazi wa Lushoto anaweza kufanya hivyo kwa mkoa wake.

Mkoa wa Tanga una wilaya nane: Lushoto, Korogwe, Handeni, Kilindi, Muheza, Mkinga, Pangani na Tanga. Vipande vinane vinamtosha mtoto wa miaka minne au mitano, na wa darasa la pili atavitumia kujifunza nani anapakana na nani.

Chukua ramani ya mkoa, ikuze, na uinakili kwenye karatasi. Bandika karatasi kwenye mbao kwa gundi kidogo, funika kwa selotepu, kisha ukate kwanza ukingo wa mkoa na baadaye mipaka ya wilaya. Usiisukume mbao kwa nguvu. Bledi ikianza kupinda, punguza kasi ya mikono. Ukimaliza, bandua karatasi na upige msasa hadi kidole kipite ukingoni bila kukwaruzwa.

Kabla ya kukata, pima ukubwa wa vipande. Wilaya ya Tanga ndiyo ndogo kuliko zote. Ukitumia karatasi ya A4, kipande chake kitatoka kidogo kama kifungo cha koti, na hicho ni kipande cha kumkaba mtoto. Ikuze ramani hadi upana wa sentimita 40 au zaidi, au iunganishe Tanga na jirani yake Muheza kiwe kipande kimoja.

Kipimo kinachotumika kwa vichezeo vya walio chini ya miaka mitatu ni bomba lenye upana wa takriban sentimita 3.2. Kitu kinachoingia chote humo ni kidogo mno. Nyumbani, tumia kibomba cha karatasi ya chooni. Kwa kuwa ni kipana kidogo kuliko kipimo hicho, kitakuongezea usalama. Kipande kikipenya, mdogo wake asikiguse, hata kama kichezeo ni cha kaka.

Kwa rangi, usitumie rangi ya mabaki ya nyumba au ya geti. Rangi za aina hiyo zinaweza kuwa na madini ya risasi, na WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kula kidogo, ikasuguliwa kwa kitambaa, inatosha kuilinda mbao. Mtoto ataitia mdomoni, hilo halina shaka.

Mtoto afanye nini

Mashine ya umeme ni ya mtu mzima. Mtoto wa miaka minne anaweza kuchagua mnyama na kuchora. Wa miaka sita anaweza kupaka nta. Aliyefika darasa la nne au la tano anaweza kujaribu msumeno wa mkono, mzazi akiwa amesimama pembeni yake na si chumba cha pili.

Ajali ikitokea

Kidole kikikatwa, kandamiza kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufungua ili kuchungulia. Kama damu haikomi, jeraha ni la kina au kidole kina ganzi, nenda kituo cha afya, na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Vumbi likiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Kibanzi kikiwa kimechoma jicho, usikichomoe. Lifunike bila kulikandamiza na uende hospitali.

Mtoto akikabwa na kipande akashindwa kukohoa au kulia, usitafute kwa kidole kitu usichokiona. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano mgongoni katikati ya mabega. Isipotoka mgeuze na umbonyeze kifuani mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka mmoja, mpige mgongoni mara tano, kisha simama nyuma yake na umbonyeze tumboni juu ya kitovu mara tano, kwa kuvuta ndani na juu. Rudia hadi kitoke, huku mtu mwingine akitafuta usafiri. Mtoto akizimia, mlaze chini na uanze kumbonyeza kifuani mara moja. Kutoka Mtae au Shume hadi hospitali ya wilaya mjini Lushoto si safari ya dakika chache, hivyo dakika za kwanza ni za mzazi.

Mzazi anayetaka kuanza wiki hii asikimbilie dukani kuulizia mashine. Aanze kwa kuamua mahali pa kukatia: nje, penye hewa, mbali na kitanda cha mtoto. Akishapapata, aende kwa fundi seremala na kuomba kipande kimoja cha paini kisichotiwa dawa, kabla hakijatupwa kwenye kuni.