Je, Wajua? Nyuma ya Pazia la «Crazy World»

«Crazy World» ni filamu ya vichekesho kutoka Wakaliga, Kampala: wazazi wanawasaka watoto wao waliotekwa na genge la Tiger Mafia ili watolewe kafara. Mkasa mzito, na bado utavunjika mbavu.

Je, wajua kwamba…

• …watekaji wanakiona cha mtema kuni? Watoto waliowateka ni kundi la Waka Starz, wanaojua kung fu kwelikweli. Baadhi yao ni wana wa mwongozaji mwenyewe, Isaac Nabwana.

• …Nabwana alikuwa mfyatua matofali? Alianzisha Ramon Film Productions mwaka 2005, akaipa jina kutokana na bibi zake, Rachel na Monica.

• …kompyuta za kuhariria filamu aliziunga mwenyewe kwa vipuri vikuukuu?

• …bunduki nzito za kuigizia hutoka kwa Dauda Bisaso, fundi anayezichomelea kwa vyuma chakavu? Helikopta ya filamuni nayo ni kazi ya mikono yake.

• …filamu za mwanzo zilitumia damu ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua? Sasa ni maji yenye rangi ya chakula. Hujazwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya shati. Uzi wa kuvulia samaki ukivutwa, kondomu inapasuka na «risasi» imempata mwigizaji.

• …sauti inayotania na kushangilia filamu ikiendelea ni ya VJ Emmie? Ni desturi ya vibanda vya video vya Uganda. Kwa kazi kama hiyo, Wakenya wanaye DJ Afro, na Watanzania wanamkumbuka Lufufu.

• …«Crazy World» ilitengenezwa mwaka 2014, lakini ikasubiri hadi 2019 kuonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Toronto, Kanada?

• …waigizaji wa Wakaliga waliuza DVD wenyewe, nyumba hadi nyumba, na kugawana mapato na kampuni? Walikimbizana na siku: ikipita wiki moja hivi, nakala za wizi zilikuwa zimeshajaa mitaani.

Hapo ndipo penye uchungu. Watu hawa wamechukua hofu kubwa kuliko zote kwa mzazi, ya kuibiwa mtoto, wakawapa watoto wenyewe nguvu ya kushinda. Anayenunua nakala ya wizi anamnyima mwigizaji jasho lake. Msomaji, ukitaka filamu zao, nunua kwao wenyewe.